Usaili Ni Ejo

Jumatatu, 10 Machi 2025. Kibondo.

Mvua. Bati la ofisi linavuja, na linavuja juu ya meza yangu tu. Nimelalamika tangu mvua zilipoanza. Leo Mzee Athuman, mwenye ghala, kaja na fundi, nikajua nimesikilizwa. Kumbe fundi kaja kuhamisha meza ya Nduwayezu, kuipeleka upande mkavu wa dirishani, kwa sababu kuanzia leo Nduwayezu ni mhasibu mkuu wa ghala! Nduwayezu! Mimi ndiye niliyemwonyesha choo kilipo siku alipoanza kazi. Mimi nina stashahada ya uhasibu. Yeye ana stashahada hiyo hiyo na tabasamu. Mzee anasema Nduwayezu ana utulivu. Ng'ombe naye ana utulivu, mbona hapewi ghala?

Sijali. Naondoka. Nimeomba kazi ya mhasibu msaidizi Kasulu, kwenye shirika linalohudumia kambi ya Nyarugusu. Ofisi yenye dari! Nimeomba kimya kimya, hata mke wangu hajui.

Saa tisa simu ikalia. Immakulata, katibu muhtasi wa shirika. Nimeitwa kwenye usaili, Jumatano asubuhi! Kisha akaniomba nimfikishie habari mwenzangu wa ofisi hii hii, ambaye naye ameitwa ila simu yake haipatikani. Jina lake Nduwayezu.

Nyoka! Mtu wa namna gani anaomba kazi kwa siri bila kumwambia mwenzake? Kapewa ukuu hapa, na Kasulu anaitaka pia. Nafasi yenyewe ni moja.

Nimemwahidi Immakulata kwamba nitamwambia. Nilijuta kabla sijakata simu.

Jumanne, 11 Machi

Kutomwambia siwezi, nimeahidi. Kumdanganya siwezi, mimi ni mwanakwaya. Asubuhi nzima nimewaza, kisha nikapata. Jamani, nina akili, na zinaozea Kibondo!

Mimi na Nduwayezu tukiwa na la siri tunaongea Kiha, maana Mzee Athuman ni mtu wa Pangani na Kiha kinampita juu. Sasa Kiha chetu kina neno moja tamu: ejo. Ejo ni jana. Ejo pia ni kesho. Kitenzi ndicho kinachokuambia ni ipi kati ya hizo mbili. Basi, nikajisemea, leo sitatumia kitenzi.

Nikaiendea meza yake kavu. Nikashika tama kama mfiwa. Nikamwambia Kasulu wamepiga simu, tulichaguliwa wote wawili kwa usaili. Akauliza lini. Nikashusha pumzi ndefu.

"Ejo," nikasema, nikatikisa kichwa, nikaondoka.

Aliinamisha kichwa. Halafu akasema asante ndugu yangu, kwa sauti ya chini kabisa. Mchana akaaga mapema, eti ana jambo la kifamilia. Maskini, kaenda kulia! Na mimi nimemwambia kweli tupu, kwa Kiha safi. Kama kaelewa jana, hayo ni yake yeye na kitenzi.

Furaha ikanizidi. Nikaingia kwa Mzee Athuman nikamwambia naacha kazi, kesho asinitegemee, wala keshokutwa. Nikamsema bati lake. Nikamsema na yeye mwenyewe: kwamba hajui watu, kwamba ghala lake linaendeshwa kama kibanda cha chipsi. Wapagazi walikuwa mlangoni, wakasikia vizuri. Mzee alikuwa anavuta tasbihi yake.

"Nimefunga, Tharsisi," akasema. "Leo sitakujibu. Nenda salama."

Hana jibu! Jioni nimemsimulia mke wangu yote. Akauliza kama hiyo kazi ya Kasulu nimeshaipata. Nikamwambia asiniletee mkosi. Akasema mchimba kisima huingia mwenyewe, akaendelea kuchambua maharage. Nimeoa kijiji cha Nyabibuye, nimepata methali.

Jumatano, 12 Machi. Kasulu.

Nimefika mapema, suti, tai, matope kidogo tu kwenye viatu. Nikafungua mlango wa chumba cha kusubiri. Nani kakaa pale, shati limenyooka kwa pasi? Nduwayezu! Na kaweka koti lake kwenye kiti cha pembeni, kunishikia nafasi!

Kumbe alikuja jana ile ile, akalala kwa shangazi yake. Nikamuuliza, kwa upole wa kujikaza, neno langu alilielewaje. Akashangaa. Akasema ni kesho, ingekuwaje jana wakati juzi na jana nilikuwa ofisini nanung'unikia bati? Usaili ungekuwa umepita, mimi si ningekuwa nimekwenda?

Hilo sikulifikiria. Ni ile mvua, inatonea kichwani.

Na ile sura yangu ya msiba, je? Akasema aliiona. Alidhani nauogopa usaili, ndiyo maana akaongea kwa sauti ya chini. Njia nzima ameniombea. Kaniombea! Nilikasirika mpaka machozi yakanitoka, naye akanipa leso.

Usaili wenyewe: jopo la watu watatu. Waliniambia nitoe mfano wa siku niliyomsaidia mwenzangu kazini. Nikatafuta, nikakosa. Nikawapa huu: kwamba mshindani wangu yuko hapo nje kwa sababu mimi nilimfikishia taarifa. Wakatazamana. Wakaandika mengi! Nduwayezu alipotoka akaniambia kaulizwa swali hilo hilo, naye kanisifia mimi muda wake wote. Mjinga mkubwa. Kisha jaribio la hesabu, dogo tu. Kazi ni yangu.

Ijumaa, 14 Machi

Immakulata kapiga. Kazi kapewa Nduwayezu.

Anasema jopo lilinipenda sana, kwa miaka hawajaona muungwana wa namna ile. Ila kwenye jaribio la hesabu nimejumlisha fedha pamoja na tarehe. Nani asingejumlisha na tarehe? Ukae meza moja na mtu aliyekuombea, tuone utajumlisha nini!

Nikawaka nusu siku. Nikapiga teke ndoo, ndoo ikaniumiza. Halafu nikazinduka: Nduwayezu akienda Kasulu, kiti cha mhasibu mkuu huku kiko wazi. Meza kavu! Dirisha!

Jumamosi, 15 Machi

Nimempelekea Mzee Athuman tende za kufuturu. Nikamsubiri afungue, nikamwomba radhi, nikamwambia siku ile nilikuwa na homa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akasema Nduwayezu alipokuja kuaga alimwomba kitu kimoja tu, kwamba ukuu wa hesabu nipewe mimi. Na yeye Mzee alikuwa tayari. Lakini angewaambia nini wapagazi? Sasa hivi hata wanunuzi wa mahindi wanauliza chipsi bei gani. Ukuu kampa Mwanaheri, binti wa dada yake, mhasibu, anafika kesho kutoka Pangani. Mimi nirudi, lakini mezani kwangu kwa zamani.

"Hasira hasara, mwanangu," akasema. "Haya, kula tende."

Tende zangu mwenyewe!

Jumatatu, 17 Machi

Mwanaheri yuko dirishani. Kaona bati linavyonitonea, kaniletea ndoo kwa mikono yake miwili na kuniita kaka Tharsisi. Kila anayeingia anamwona yeye mkavu na mimi na ndoo. Kanikusudia. Heshima ya namna ile haiji bure. Nimekaa nayo mchana kutwa, tone baada ya tone, nikisaga meno.

Alhamisi, 20 Machi

Nduwayezu kapiga simu kutoka Kasulu. Anasema imetokea nafasi nyingine, mhasibu wa stoo, ofisi hiyo hiyo. Jopo bado linamkumbuka yule muungwana. Yeye amewaeleza kuwa siku ile sikuwa sawa, nao wamekubali nirudie jaribio la hesabu tu. Jumatatu, saa tatu asubuhi. Akarudia, Jumatatu, saa tatu. Kisha akanitumia na ujumbe, asije akawa amenichanganya. Nitafikia kwa shangazi yake, kitanda kipo.

Nimecheka kwa mara ya kwanza mwezi huu. Ananiona mtoto! Mtu mzima gani anampa mwenzake nafasi, siku, saa na kitanda juu yake? Ningekuwa mimi, najua ningekuwa nimepanga nini. Pale pana mtego, na anadhani Tharsisi hanusi.

Nimemjibu vizuri, asante ndugu yangu, nitafika. Siendi ng'o.

Mke wangu kaniuliza nacheka nini peke yangu. Nikamwambia leo nimeponea chupuchupu.