Roshani na Pipa la Taka

Jumatatu, 7 Julai

Mwaka wa kumi na moja huu, diwani wa makaburi na taka. Nimechoka. Sherehe za Agosti hufunguliwa kwa hotuba kutoka roshani ya ofisi ya meya. Baba aliisoma. Hata daktari wa mifugo aliisoma, ukurasa mmoja mara mbili! Mimi, kamwe. Mwaka huu Meya Remedios anamtaka Gaudencio, mfamasia. Nimewasilisha jina langu. Baraza ni watu saba: upande wangu watatu, nikijihesabu, upande wa meya watatu. Kabaki Honorino wa baa.

Jumatano, 9 Julai

Kahawa kwa Honorino. Akasema kura si tatizo, mzee, tatizo ni lile pipa la taka mlangoni. Wateja wanakula zeituni na nzi. Taka ni idara yangu! Limehamishwa leo hii. Nafasi iliyopatikana ni moja tu: chini ya dirisha letu la chumbani. Mke wangu Casilda akaniuliza nimerogwa na nani. Nikamwambia ni la muda. Kura nne!

Alhamisi, 17 Julai

Kikao. Suti ya harusi, vifungo vinalia. Katibu akainua kidole, kwa upole wake ule wa kuudhi: diwani hapigi kura juu ya jambo linalomhusu yeye, mkewe au shemeji yake. Nitoke nje, tafadhali. Nikakaa ngazini na mfagizi, tukatafuna mbegu za alizeti.

Tatu kwa tatu. Wakarudia. Tatu kwa tatu. Hapo kura ya meya huamua. Miaka kumi na moja nalijua hilo! Honorino akaapa kanyoosha mkono mpaka bega likamuuma. Nikamwomba basi turudishe pipa. Akacheka: wee mzee, hilo lipeleke barazani.

Ijumaa, 15 Agosti

Gaudencio kasoma dakika arobaini, nyingi zikiwa za shinikizo la damu. Wakampigia makofi. Mimi nyuma yake, nimeshika waya wa kipaza sauti.

Casilda kashindwa na harufu, kahamia kwa kaka yake, Saturio. Nilikwenda kumbembeleza. Akasema chagua, mimi au pipa. Nikatoka kuvuta hewa, nikamkuta Saturio uani anaimba. Sauti gani ile! Mwakani nitapendekeza jina lake. Siku yenyewe ataumwa koo, nitasoma mimi. Shemeji si mimi. Katibu atasema nini? Na Honorino keshakubali. Anachotaka ni pipa la chupa tupu lililobaki mlangoni pake tu, nalo lihame.