Anayevuta ni Candelo, Siyo Mimi

Jumatatu, 3 Machi
Balaa! Nereida mwenye duka kabandika karatasi barazani pake: HAKUNA KUVUTA. Barazani! Hapo ndipo sisi wanne tunapochezea dhumna tangu marehemu mumewe yu hai. Nikamwuliza, hapa Tamboril, mji unaokula tumbaku na kuvaa tumbaku, tunakatazana moshi? Tena unanikataza mimi, Nicanor Ureña? Hakuna aliyewahi kusokota sigara kama mimi katika bonde hili zima! Akanijibu kwamba baraza ni mahali pa watu wote, na watu wote wana mapafu. Akamtupia jicho Tancredo.

Ndiyo, Tancredo. Mwenzangu wa dhumna, kompadre wangu, aliyemshika mwanangu ubatizoni. Tangu Krismasi anakohoa kama pampu mbovu. Daktari kamwambia pafu moja limekwisha, na moshi utamalizia la pili. Mimi nasema ni vumbi la barabarani. Daktari hajawahi kusokota hata sigara moja, atajua nini?

Jumanne, 4 Machi
Leo nimekwenda na sigara mdomoni bila moto. Karatasi haikatazi kutafuna! Nereida akaisoma tena karatasi yake. Lakini sigara isiyo na moto ni kama mke aliyenuna: ipo, faida huioni. Tumefungwa michezo yote. Nikamlaumu Tancredo kwa kuficha kete ya sita-sita. Akaniambia taratibu, katikati ya kikohozi, "Kompadre, wewe ukikosa moshi unakosa na akili." Wilfrido na Toño, wapinzani wetu mezani, wakacheka mpaka kete zikaanguka. Sikucheka.

Alhamisi, 6 Machi
Nimepata! Candelo!
Pepo wa moto, mwenye kitambaa chekundu. Nani hapa hamjui? Akimpanda mtu, kwanza anadai ramu, kisha sigara. Na anayevuta ni pepo. Kiti chake hakina lawama. Nereida mwenyewe anayo picha yake nyuma ya mizani, anaiwashia mshumaa mara nyingi kuliko anavyonipa salamu mimi. Tuone atakavyombandikia Candelo karatasi! Nimesoma mpaka darasa la tatu tu, lakini kichwa hiki kingekuwa cha waziri.

Ijumaa, 7 Machi
Nilitetemeka vizuri sana. Kiti kikaenda chini, kete zikatawanyika. Nikanguruma kwamba mimi ni Candelo, nataka kitambaa changu na moto wangu. Nereida akanifunga kitambaa shingoni, akaniwashia sigara kwa mkono wake! Ramu bure! Wilfrido na Toño wakavua kofia. Ah, ule moshi wa kwanza.
Tancredo alihamia mwisho wa baraza, leso mdomoni. Hakuna aliyemfukuza.

Jumamosi, 8 Machi
Kuwa pepo ni kazi. Tangu asubuhi wanawake wamepanga mstari. Huyu mwanawe hapigi simu kutoka ng'ambo, yule kuku wake wameibwa. Wote nimewaambia wasubiri. Wakaondoka wameridhika.
Mara akaja Tancredo. Akapiga magoti polepole, ameshika meza.
Akasema, "Baba Candelo, nimekuja kwa ajili ya kompadre wangu Nicanor. Ni mkaidi, hasikii la binadamu. Labda atasikia lako. Mwambie azime. Bado nataka kucheza naye."

Sigara ilikuwa imebaki nusu. Jani zuri, nililitunza mwenyewe. Na watu wote wale wananitazama! Candelo akizima sigara, nani atamwamini tena? Sikuwa na njia. Nikavuta. Nikasema, "Nicanor ni kiti changu, na kiti hakiulizwi. Mgonjwa ni wewe. Moshi ukikusumbua, kakae ng'ambo ya barabara."

Tancredo akaushika mkono wangu, akaubusu. Mkono huu wenye kovu la kisu cha kukatia majani. Yeye ndiye aliyeufunga kitambaa siku ile, tukiwa vijana. Akanitazama machoni.
"Nimekusikia," akasema.
Akachukua kiti chake, akavuka.

Sasa mimi nina kosa gani? Aliyesema ni Candelo.

Jumapili, 9 Machi
Wasaliti! Wilfrido na Toño wameibeba meza mpaka ng'ambo, mlangoni kwa kinyozi. Kinyozi ndiye amekaa mahali pangu. Hajui dhumna, anashika kete kama mtu anayeshika kaa. Upande wake unafungwa kila mchezo, halafu wote wanacheka! Hata Tancredo anacheka, na leo sikumsikia akikohoa.

Nereida amebandua karatasi. Akaniambia Candelo avute atakavyo, maana sasa hakuna tena wa kudhuriwa na moshi. Hakutabasamu. Nikamtuma kwa Tancredo, amwambie kwamba Candelo amemsamehe, anaweza kurudi. Akarudi na jibu: pepo hana kauli mbili, wenye kauli mbili ni watu.

Nimekaa peke yangu barazani na sigara bora kuliko zote Tamboril. Haivuti vizuri. Unyevu huo.

Lakini Nicanor Ureña hashindwi! Kesho nitapandwa na Malaika Mikaeli. Hapa kwetu naye hupanda watu, tena ni mkubwa wa Candelo, anaweza kutengua amri. Atamwamuru Tancredo arudi na meza, na kiti changu.
Na Mikaeli naye, kwa ninavyomjua, anavuta.