Jinsi Simba wa Vichaka Alivyowajengea Popo Kasri

Sogeeni, enyi mlioketi mbali, na wewe uliyeshika simu iweke chini, maana sitarudia. Nausimulia ushujaa wa msimamizi wa msitu, Simba wa Vichaka, Mfyekaji wa Magugu, mwenye buti zing'aazo zisizowahi kukanyaga tope, yeye aliyetundika sanduku moja kwenye mti mmoja, akashuka ngazi akiwa mzima. Wapo waliotwaa miji wakasahauliwa. Huyu hatasahaulika, tutake tusitake.

Vita vilianza kwa amri. Mkuu wa misitu alituma neno kwamba mwaka huu popo watunzwe, kila msitu uwajengee nyumba, naye atakuja mwenyewe kukagua. Simba aliposikia, kifua kikamvimba, kwa maana alikuwa akikitamani kiti cha naibu tangu zamani. Akavifyeka vichaka vyote ambamo popo walikuwa wakiwinda wadudu, akakwangua mitambaazi mashinani, akazoa majani makavu, mpaka msitu ukawa safi kama sebule ya mtu asiye na watoto.

Ikabaki nyumba. Nyumba yataka mbao, mbao zataka mti mkavu, na mti mkavu ulikuwa mmoja tu: ule uliosimama nyuma ya jiko lake, uliokufa zamani, wenye tumbo wazi na tundu juu. Humo ndimo walimokaa popo wenyewe.

Sasa, mama yake mzazi, aliyekuwa akiishi naye, alikuwa amebakiwa na furaha moja. Macho yalikuwa yamemchoka, sura za watu zikimpotea, lakini kila magharibi aliketi mlango wa jiko kuwatazama popo wakimiminika angani kama mchele kwenye gunia lililotoboka. Saa hiyo hakutaka kusemeshwa na mtu.

"Mwanangu, ule mti niachie," alimwambia. "Sijakuomba kitu kingine tangu nije hapa."

Simba akasimama katikati ya jiko, mkono kiunoni, akanena: "Ewe mama uliyenibeba, historia yaniita, nawe wanishika shati? Viumbe hao wamebanana gizani, katika uozo, na mimi nimeletwa duniani niwatoe katika aibu hiyo. Nitawapa kasri."

"Kwani wamekulalamikia?" mama akauliza. Jemadari alikuwa ameshatoka.

Huko nje mkata miti aliwasha msumeno wa mashine, kisha akauzima, akatega sikio kwenye gome. "Bosi, humu kuna wenye watoto. Nawasikia."

"Ndiyo maana wanahitaji nyumba," Simba akajibu. Hapo, ndugu zangu, mjue mko mbele ya akili isiyozuilika na chochote.

Mti ukaanguka mchana kweupe. Popo wakatoka wakipepesuka juani, baadhi wamebeba watoto vifuani. Wengine hawakutoka. Mkata miti akavua kofia. Simba akatoa futi ya kupimia mbao. Mti wenye tumbo wazi hauna mbao nyingi, na zilizopatikana zikatosha sanduku moja.

Lakini sanduku lile! Alilitia kimlango cha bawaba, akalipiga msasa ndani mpaka inzi angeteleza, akatandika na kigodoro cha sponji.

"Popo wananing'inia, bosi," mkata miti akasema. "Godoro la nini?"

"Watazoea ustaarabu."

Ndipo akaukabili mti mwingine, nyundo mkononi, misumari mdomoni. Ngazi ikayumba, akaikemea. Msumari ukapinda, akautukana ukoo wake. Nyundo ikamgeukia kidole gumba, naye akatoa sauti ambayo wanahistoria wenye adabu wameiruka. Akapigana hivyo mpaka jasho likamfumba macho, na alipofumbua, sanduku lilikuwa limekaa, limeinama upande kidogo. Akashuka kama aliyeteka nchi.

Jioni ile ile Mkuu akaja na msafara wake, wakasimama pale nyuma ya jiko. Na popo nao wakarudi. Sandukuni hakuenda hata mmoja. Wakawa wanazunguka juu ya kisiki, pale pale angani palipokuwa na tundu, wakijitupa kuingia, wakipita kwenye hewa tupu, wakigeuka, wakijitupa tena.

"Wanafanya nini?" Mkuu akauliza.

"Wanatushukuru, Mkuu."

"Wanatafuta mlango," mama akasema kutoka kwenye kiti chake. "Wewe ukirudi jioni ukute nyumba yako haipo, utakuwa unashukuru?"

Simba akacheka, akamwambia Mkuu kwamba mama ni mtu mzima sasa, asimjali. Mkuu naye alikuwa ameshaanza hotuba. "Kazi hii ni ya kuigwa," akasema. "Nitaagiza misitu yote ifanye hivi hivi. Miti mikavu si ipo kila mahali?" Akampa Simba mkono, akamwita naibu mbele ya watu, na makofi yakapigwa.

Pigeni basi nanyi, na mwenye kuchonga mawe achonge: siku hiyo Simba wa Vichaka alitundika sanduku, na sanduku halikuanguka. Watu wakaondoka na gari la Mkuu likaondoka. Popo wakaendelea kuzunguka pasipo na kitu, na mama yake hakuingia ndani mpaka wa mwisho alipochoka.