Unyago wa Pili wa Biasha

Jumatano, 1 Septemba 1954
Miezi minne sijaona siku zangu. Nikikaa tu, jasho. Nadhani nimerogwa. Sijamwambia mtu. Nitamwambiaje, na mimi ndiye kungwi? Nusu ya wanawake wa Kitomanga nimewacheza unyago mimi! Leo limetoka tangazo: Jumamosi Magdalena, mkunga wa zahanati, atawafundisha akina mama habari za kukoma hedhi. Magdalena! Mwali wangu! Maji hayapandi mlima.

Alhamisi, 2 Septemba
Nimepata hila. Unyago wa watu wazima, kwangu, saa ileile ya darasa lake. Wifi yangu Kidawa anapita nyumba kwa nyumba kunong'ona kuwa zipo siri. Siri zipi, sijui bado. Nimejaribu kumkumbuka kungwi wangu, marehemu Likwata. Nilipovunja ungo aliniogesha, akanipaka mafuta ya nyonyo, akaniimbia mpaka woga ukaisha. Mwanzo alinifundisha wote. Mwisho hakuutaja. Nimemlilia leo kama amekufa jana.

Jumamosi, 4 Septemba
Aibu! Walikuja kumi na mmoja. Nikafuata mila: mlango umefungwa, dirisha limezibwa kwa mkeka, moto katikati. Wimbo wa kwanza haujaisha, Kidawa akalia kwamba anaungua. Mara wote wakauvamia mlango. Wa kwanza kutoka, mimi! Magdalena, aliyekosa watu darasani kwake, akatukuta barazani tunajipepea kwa ncha za kanga. Akapiga goti, shikamoo somo. Hakucheka. Akatuletea maji, akaeleza palepale: jasho, hasira, kukosa usingizi, yote ni ya umri. Si uchawi. Nilitamani kumlalia begani. Ameniomba Jumamosi ijayo tufundishe pamoja, niwasimulie yaliyonipata, maana kwa kungwi wao watasadiki.

Jumamosi, 11 Septemba
Zahanati ilijaa. Nilisimulia vizuri, jasho, hofu ya kurogwa, machozi ya bure. Nilipofika kwenye jina la mwenyewe nikasema ni habari za Kidawa. Mimi bado kijana, nikaongeza. Kidawa hakubisha, nadhani yake ni hayohayo. Wanawake wakainuka wote, wakamkumbatia, wakampa pole, wakamwahidi samaki wa Songo Songo. Mimi hakuna aliyeniuliza hali. Niliona wivu mpaka nikalia. Magdalena akauliza kulikoni. Nikamwambia ni vumbi.
Jumamosi ijayo nitaeleza maumivu ya magoti. Nitasema ni ya jirani yangu Rosa.