Tawakali Anunua Kuta

Mwaka ule ulikuwa mwaka wa nzige. La, nisianze na uongo: nzige walikuja zamani zaidi, mimi mwenyewe nilikuwa bado nabebwa. Basi labda ni mwaka uliofuata vita vya Maji Maji. La tena! Baada ya vita vile hapakuwa na mtu Kilwa wa kununua nyumba, wala wa kumcheka aliyenunua. Ilikuwa kabla ya vita, masika ya mwisho au yale ya kabla ya mwisho, Wadachi wameishika pwani yote na kututia mashambani kulima pamba yao. Mniachie hapo hapo. Mwaka naweza kuupoteza, lakini Tawakali simpotezi!

Maana pwani hii nimeitembea kwa miguu, toka Kilwa hata Lindi na kurudi, na sijaona mtu mwingine aliyenunua nyumba kwa kelele, akahamia kwa kishindo, kisha akanyeshewa juu ya kitanda chake kama mchicha!

Tawakali alikuwa mtu wa Kivinje, mwembamba, shingo ndefu. Alikwenda Lindi akapata kazi kwa Mdachi mmoja mpima ardhi. Kazi gani? Kumshikia mwavuli. Lo! Aliporudi hatukupumua.

"Mimi na Serikali," alisema, amekaa barazani ameinyoosha miguu ili viatu vyake vionekane, "tulikuwa chini ya mwavuli mmoja!"

"Nyote wawili?" akauliza mzee Bakary.

"Mwavuli mmoja, mzee wangu!"

"Mbona basi jua limekuchoma wewe peke yako?"

Watu wakacheka. Tawakali akajifanya anafuta vumbi kwenye viatu. Viatu vyenyewe alirithi kwa yule Mdachi, na vilikuwa vikubwa hata ukimwona anakuja, viatu vinafika kwanza, mwenyewe anafuata kwa nyuma kama mgeni wao.

Sasa mtu aliyekaa chini ya mwavuli wa Serikali hawezi kuendelea kulala kwa shemeji yake. Tawakali akataka kuitwa Mwenye Nyumba. Na mzee Bakary alikuwa na nyumba ya kuuza, kwani umri umemkalia, anataka kwenda kumalizia siku zake kwa binti yake Kilwa Kisiwani.

Ilikuwa nyumba ya miti na udongo, karibu na soko la samaki. Ndani alipanga Bi Mwahija, mpika vitumbua, pamoja na mama yake, Bi Samia. Mama huyu macho yalikuwa yamekwisha, lakini ulimi ulikuwa mzima kabisa. Nyumba ile aliijua kwa mikono: hapa nguzo, hapa mtungi, hapa kizingiti. Mle alikwenda bila fimbo kama mwenye macho yake. Na barazani ndiko lilikokaa jiko la Mwahija, na wavuvi wote wa Kivinje walikuwa wakifika pale kwa kufuata pua. Umtoe Mwahija pale, umemtoa kwenye riziki. Umtoe Bi Samia pale, umempofusha mara ya pili.

Tena kulikuwa na jambo la paa. Masika yaliyopita paa la mzee Bakary lilikuwa limechakaa, nyota zinachungulia. Mzee hana nguvu za kuezeka. Akamwambia Mwahija mbele ya majirani, "Ezeka wewe, mwanangu. Kuta zangu, paa lako. Na mtakaa humu bila kunilipa kitu mpaka makuti yako yaishe." Mwahija akanunua makuti, kaka yake Likwata akaja kutoka Mitole akaezeka, tukala wali wa kuezeka, tukashuhudia. Kwa watu wa pwani hilo si ajabu. Kiwanja kinaweza kuwa cha huyu, mnazi ulioota ndani yake wa yule, na nazi zimekwisha ahidiwa mtu wa tatu, na wote wanasalimiana vizuri.

Siku ya kununua, Tawakali alizunguka nyumba akizipiga kuta makofi kama anayenunua punda.

"Safi! Imara! Naichukua!"

"Lakini mwanangu," mzee Bakary akasema, "kwanza nikueleze habari ya paa..."

"Mzee, usinifundishe nyumba! Mimi nimepima nchi nzima!"

"Uliipima, au ulishika mwavuli?"

"Paa nimeliona! Liko juu! Mapaa yote yako juu!"

Mzee Bakary akatutazama sisi mashahidi. Sisi tukatazama chini. Wakapeana mikono, fatiha ikasomwa, kwisha.

Asubuhi iliyofuata viatu vilifika barazani kwa Mwahija, na Tawakali nyuma yake. Wateja walikuwa wamejaa.

"Bi Mwahija! Kuanzia leo mwenye nyumba ni mimi. Fungasha, utoke!"

Mwahija aligeuza kitumbua kwanza. "Kitumbua hiki umenunua wewe?"

"Nimenunua nyumba na vyote vilivyomo!"

"Hata mimi?" Bi Samia akauliza toka ndani. "Mwanangu Tawakali, nimenunuliwa tena katika uzee huu? Haya, njoo unibebe basi, mume wangu!"

Baraza nzima ikaanguka kwa kicheko. Tawakali akapandisha sauti.

"Sitaki mzaha! Natoa amri!"

"Baba," Mwahija akasema, na hapo sauti yake ilikuwa ya kuomba kweli, "masika haya yanaingia. Mama haoni. Mimi sikupanga kwako, nilipanga kwa mzee Bakary, na tuna maneno yetu ambayo hayajaisha. Kuuza kwake si kunifukuza mimi."

"Maneno ya Bakary ameondoka nayo Bakary! Nyumba ina bwana mpya, sheria mpya!"

"Hutaki kuyasikia?"

"Sitaki kusikia hata nusu neno!"

Mwahija akamtazama. "Nikitoka, nitatoka na kilicho changu."

Hapo ndipo Tawakali alipojimaliza. Alipanda juu ya kigoda, akatutazama sote kama liwali siku ya Idi.

"Mashahidi, sikieni! Mimi si dhalimu! Achukue kila kilicho chake! Asiache hata kipande! Nikikuta kitu chake humu nakitupa baharini!"

"Mmesikia?" Mwahija akatuuliza.

"Tumesikia!"

Basi habari zikaenda Mitole, na Likwata akaja na vijana wake. Siku hiyo Tawakali alikuwa kwa shemeji yake, anafunga kitanda na kuaga kwa majivuno. Huku Likwata yuko juu, anakata kamba na kushusha makuti, mafungu kwa mafungu, taratibu, hata moja lisivunjike. Mwahija na mama yake wakahamia ukumbini kwa jirani, na makuti yakapangwa uani kwa jirani yule yule.

Alasiri Tawakali akaja na kitanda kichwani. Kwa sababu ya kitanda hakuweza kutazama juu. Akaingia, akakiweka, akajilaza kwa raha, akafungua macho.

Salale! Wingu lote la Kivinje lilikuwa chumbani!

"Wezi! Wameniibia paa! Jamani, paa langu!"

"Lako?" Mwahija akamjibu toka uani kwa jirani. "Si ulisema utalitupa baharini? Nimekupunguzia kazi!"

"Utafungwa wewe! Namjua Mdachi!"

"Mwite basi aje na mwavuli wake!"

Na kabla hajamaliza kutukana, mvua hiyo! Masika ya Kilwa hayanyeshi, yanamwagwa. Tawakali kwa kiburi hakutoka. Alikaa kitandani miguu juu, maji yanaingia kwenye viatu, udongo wa kuta zake imara unashuka taratibu na kubakiza miti, mpaka ukawa unamwona toka barabarani kama kuku ndani ya tenga.

Siku ya tatu ya mvua akapita Akida Maftaha na askari wake. Akida huyu alikuwa mtu mnene, mwenye haraka, na kazi yake siku hizo ilikuwa kutoa watu: kila nyumba yenye mwanamume itoe mtu wa kwenda shamba la pamba. Pamba yenyewe hatukuila wala kuivaa, na viboko vilikuwa karibu. Tulikuwa tukimsikia akida mtaani, kila mwanamume anaanza kuchechemea.

"Hii nyumba ya nani?" akauliza.

Tawakali, kwa mazoea ya mdomo, akaruka wima juu ya kitanda. "Yangu! Mwenye Nyumba ni mimi!"

"Vizuri sana. Kesho alfajiri, pamba."

Tawakali akashuka. "Lakini Bwana Akida, shikamoo... hii hasa, ukiitazama vizuri, si nyumba."

"Marahaba. Si nyumba?"

"Haina paa, bwana. Nyumba isiyo na paa ni ua tu. Mtu wa uani haendi pamba."

Akida akatazama juu, matone yakamwingia machoni. "Ni kweli," akasema. "Hapa hapana nyumba."

Tawakali akatoa meno yote.

"Bwana Akida," Mwahija akaita toka kwa jirani, "kama hapana nyumba, basi mimi nimefukuzwa wapi?"

Meno ya Tawakali yakarudi ndani.

Akida alitaka kwenda zake, lakini mvua ilizidi, na mahali pakavu pa karibu palikuwa pale pale kwa jirani, palipo na vitumbua. Akakaa. Akala. Huku anakula akatusikiliza, mzee Bakary naye akaitwa, kwani alikuwa bado hajavuka kwenda Kisiwani. Akaeleza habari ya paa yote, na sisi tukashuhudia, safari hii tumeinua vichwa.

"Tawakali," akida akasema, anafuta mafuta mdomoni, "mzee Bakary alikuwa na uwezo wa kumtoa mwanamke huyu kabla makuti yake hayajaisha?"

"Yeye alikuwa amempa neno, bwana, lakini mimi..."

"Jibu. Alikuwa nao?"

"Hakuwa nao."

"Basi uwezo ambao Bakary hakuwa nao, wewe ulinunua kwa nani? Ulinunua kuta pamoja na mpangaji wake na neno lake. Kubadilika kwa mwenyewe hakumbadilishi aliyemo. Arudi akae mpaka makuti yaishe. Wewe utakandika kuta zilizoharibika, utayarudisha makuti uliyoyafukuza. Na paa likisharudi, itakuwa nyumba tena, au sivyo?"

"Itakuwa nyumba, bwana," Tawakali akasema taratibu.

"Na itakuwa na mwenyewe?"

Tawakali akaanza kuchechemea.

"Pamba!" akida akasema, akachukua kitumbua cha njiani.

Basi tulimwona Mwenye Nyumba, viatu amevivua, matope mpaka magotini, anakandika. Na Bi Samia amekaa kwenye kigoda, anapapasa ukuta kwa kiganja.

"Hapa pana bonde, baba. Rudia."

"Mama, hapo pamenyooka!"

"Mimi kipofu nimeliona, wewe mpima nchi hujaliona? Rudia!"

Kuta zikapona. Tawakali akaanza kungoja makuti yaishe. Kila alipotoka pamba alipita, shingo juu, anatazama. Lakini Mwahija hakuwa mjinga. Kuti moja likioza, analitoa, anachomeka jipya. Leo hapa, kesho pale.

"Bi Mwahija! Lile ni jipya!"

"Na hilo shati lako lenye viraka, ni shati jipya?"

Tawakali akaenda zake, anahesabu viraka. Na masika mengine yakaja, na shemeji yake amechoka naye, amemwambia wazi kwamba mwenye nyumba hulala kwake. Tukamwona anabisha hodi kwenye mlango wake mwenyewe.

"Bi Mwahija... kile chumba cha nyuma kina mtu?"

"Kina kuku. Kwa nini?"

"Naomba unipangishe."

Mwahija alicheka mpaka akakaa chini. Lakini alikuwa na moyo. "Ingia. Sitaki malipo yako. Kila mwanzo wa masika utaniletea mzigo wa makuti, basi."

Akaleta! Kila masika Tawakali alikuja ameinama chini ya mzigo wa makuti, akapanda mwenyewe kuyachomeka, maana aliyelala chini yake sasa ni yeye pia. Vita vikaja vikapita, na ya vita si ya kuchekea. Nyumba ilisimama. Niliporudi toka Lindi nikawakuta wote watatu barazani, Tawakali anamenya nazi, Bi Samia anamkosoa.

Nikatazama paa. Katika makuti yale ya Likwata halikubaki hata moja. Yote yaliyoko juu ameyaleta Tawakali kwa bega lake na kuyafunga kwa mkono wake. Nikamuuliza akida, akakumbuka ana safari. Nikamuuliza shehe, akacheka akaniambia nile kitumbua. Nimeuliza Mitwero, nimeuliza Kisiwani, nimewauliza wenye nyumba na wapangaji, na leo nawauliza ninyi: makuti ya Mwahija yaliisha, au hayakuisha?