Kitu Cheupe Juu ya Tosti

Jumatatu, 5 Julai 1971

Ushindi! Nimepata kazi. Mimi, Mabruki bin Mbarak, niliyeachishwa ukarani wa mafaili wiki tatu zilizopita kwa sababu ya wivu wa watu, leo ni mpishi mkuu katika jumba la Bwana Muchiri, Loresho. Mkuu kwa kuwa hakuna mwingine.

Mambo yalikwenda hivi. Nilifika kuomba kazi ya kuandika barua. Madam Wangeci, mke wa bwana, akasema barua bwana huandika mwenyewe, anayetafutwa ni mpishi. Je, najua kupika? Nikamwambia nimepika katika hoteli mbili za Mombasa na meli moja. Ulimi wenyewe ulisema, mimi nilikuwa nasikiliza tu. Meli ndiyo iliyomvutia.

Sharti ni moja. Bwana Muchiri alisoma Leeds, Uingereza, miaka minne. Kule, kila jioni ya baridi akirudi amelowa, bibi mwenye nyumba alimletea sahani: kitu cheupe, kizito, laini, cha moto, kimemwagwa juu ya tosti. Jina halikumbuki. Kilichokuwa ndani hakikumbuki. Anakumbuka tu kwamba kabla hajamaliza kuvua viatu, chakula kimefika. Wapishi watatu wamekwisha shindwa. Nimepewa hadi Jumamosi.

Juu ya tosti! Mkate ni mkate. Kazi rahisi kama kumsukuma mlevi.

Khamisa nimemwambia nimepata ukarani. Mke wangu anauza mahamri, na mtaa wetu mzima wa Kabiria unasema mkono wake mtamu. Akisikia mimi ni mpishi atacheka hadi majirani waje. Isitoshe, mama yake ameleta barua kutoka Malindi: nisipopata kazi ya kudumu mwezi huu, binti yake arudi nyumbani. Khamisa aliisoma, akaikunja, akaitia kifuani. Hakusema neno. Huyu ni mwanamke anayesema hata akiwa anasukutua. Kimya kile kilinitia baridi kuliko Julai yenyewe.

Jumanne, 6 Julai

Nimetembea kutoka Kabiria hadi Loresho kupitia Kangemi, ukungu mpaka magotini. Akili safi. Kitu cheupe: maziwa. Kizito: unga. Mtoto wa chekechea angejua.

Maziwa yalipochemka nikatia unga wa ngano vikombe viwili kwa mpigo. Salaale! Unga ulijikusanya makundi makundi kama watu waliosikia king'ora. Nikaponda, haukupondeka. Nikapuliza, sijui kwa nini. Mwisho nikaumwaga juu ya mkate kama ulivyo. Bwana Muchiri ni mtu mpole. Aliyatazama yale madonge, akamwuliza mkewe ni mayai ya ndege gani.

Mashine ya kuchoma mkate nayo ni adui. Inakaa kimya kama ina adabu, halafu inarusha vipande ghafla. Kimoja kimenipiga kidevuni.

Waweru, mtunza bustani, aliona yote dirishani. Ana shemeji yake anayeitaka kazi hii. Akaniuliza, "Kwani kwa hiyo meli ulikuwa unapika ama ulikuwa unabebwa?" Nikamjibu kwamba melini mkate hauruki, bahari ndiyo inayoruka. Jibu zuri. Nimelisoma tena hapa, bado ni zuri.

Jumatano, 7 Julai

Ujasusi! Nimemwomba Madam ruhusa ya kwenda mjini kutafuta kiungo adimu. Kiungo chenyewe ni ndugu yangu Taib, anayehudumu mezani katika hoteli moja karibu na Barabara ya Serikali. Nilimwambia nataka dakika tano tu mlangoni mwa jiko. Akacheka, akaniingiza.

Mpishi wao, mtu mwenye shingo kama gogo, alinigeukia, akadhani mimi ndiye mwosha vyombo mpya aliyechelewa. Kabla sijajieleza mikono yangu ilikuwa ndani ya karai. Nimeosha sahani saa mbili nzima. Lakini macho yalikuwa kazini! Nimemwona akiyeyusha siagi. Nimemwona akitia unga kidogo, akikoroga. Aha! Siagi kwanza! Hapo nikaletewa sufuria kubwa ya kusugua, nikainama. Nilipoinua kichwa, kitu cheupe kilikuwa tayari, kinang'aa, kinakwenda mezani kwa mwingine.

Basi ninajua nusu. Nusu ya siri ni siri.

Jioni nikayeyusha siagi, nikatia unga, nikakoroga, nikangoja. Nikangoja kitokee kilichotokea mjini. Kikawa cha manjano. Kikawa cha kahawia. Nikasema hivyo ndivyo huanza. Kikawa cheusi, na Madam akaja mbio akidhani pazia limeshika moto. Bwana amekula mkate mkavu na chai. Waweru ameomba masalio azibe ndoo yake inayovuja. Imezibika.

Alhamisi, 8 Julai

Sitaki kuandika ya leo. Naandika.

Waweru alikuja asubuhi na uso wa heri na uyoga umejaa kofia yake. Umeota nyuma ya bustani, akasema, hata nyanya yake huupika. Nikaona fursa. Uyoga ni mweupe! Nikaukaanga kwa siagi, nikamimina maziwa kidogo kidogo bila unga wala kiburi. Ukatoka vizuri. Kwa jina la Mungu, ulitoka vizuri! Ulinukia kama mvua ya kwanza.

Nikampa paka wa Madam kijiko kimoja, kwa tahadhari. Akala. Akaramba midomo. Akajilaza chali, miguu juu, macho yamefumba.

Nimemwua paka! Bwana alikuwa tayari anavua koti. Nikaichukua sufuria nzima nikaimwaga mtaroni, nikatoka nje nikamwambia Madam kwamba madaktari wa siku hizi wanashauri mtu alale njaa mara moja kwa wiki.

Niliporudi jikoni paka alikuwa ameketi mezani akijinyoosha, anadai kijiko cha pili. Alikuwa amelala tu! Waweru akacheka hadi akashika mti. Uyoga uliobaki aliuchoma akaula mwenyewe. Nikamsubiri saa nzima. Hajafa.

Ijumaa, 9 Julai

Madam ameniita sebuleni. Hakupaza sauti. Akasema, "Mabruki, mimi sijui meli hiyo ilifika wapi bila watu kufa na njaa. Kesho ndiyo mwisho." Nikamwambia kesho atakula maneno yake. Akasema angependa zaidi kula chakula.

Lakini hilo si baya. Baya lilikuwa nyumbani.

Taib alipitia Kabiria baada ya sala ya Ijumaa, akamwuliza Khamisa mpishi wa Loresho anaendeleaje. Nilimkuta mke wangu ameketi chini, amecheka hadi kanga imemdondoka. Nami nikacheka, nikidhani nimepona. Akavuta begi kutoka uvunguni, akaanza kukunja nguo zake, moja moja, kwa utaratibu.

Nikamwambia upishi ni kazi halali. Akasema upishi hauna aibu, hata yeye unamlisha. Linalomchosha ni kuishi na mtu ambaye hata habari njema anazivalisha uongo. "Ungeniambia, Mabruki. Mimi si ndiye mkeo?"

Nikaiokota kanga yake, nikampa.

Jumamosi, 10 Julai

USHINDI! Naandika kwa herufi kubwa kwa kuwa kalamu hainitoshi. Lakini nianze mwanzo.

Saa kumi na moja jioni, mvua. Mimi jikoni peke yangu na kuku wa kuchemsha aliyebaki mchana, mkate, na akili tupu kama kibuyu. Maziwa yamekwisha. Mlango wa nyuma ukafunguka: Khamisa, amelowa, na kikapu chake cha sokoni mkononi. Nikamwuliza amekuja kufanya nini. Akasema amekuja kuniona nikifukuzwa kwa macho yake, amweleze mama yake vizuri.

Mara gari likaingia. Bwana Muchiri kashuka, kalowa chapachapa, anakohoa. Akapita dirishani bila kutazama jikoni, kama mtu aliyekwisha kata tamaa na dunia. Khamisa akamfuata kwa macho. Mke wangu hawezi kumwona mtu mwenye njaa, ni ugonjwa wake. Akaniuliza maskini yule anataka nini. Nikamweleza: cheupe, kizito, laini, cha moto.

"Si kupaka tu hiyo, kuku wa tui la nazi?" akasema. "Bila manjano. Wiki nzima umeshindwa na kupaka?"

Akafunga kanga kiunoni. Kikapuni mlikuwa na nazi mbili. Akazivunja kwenye ngazi, akamwona Waweru anachungulia, akamwambia akimbie akalete mbuzi, upesi! Waweru akatoka mbio mvuani. Hakurudi. Khamisa hakungoja, akachokoa nazi kwa kisu, akaikwaruza kwenye kikwaruzo cha Madam cha jibini. Akakamua tui zito, akaliweka kando. Akakamua la pili. Kitunguu kikalainika kwenye siagi, kisiungue. Kitunguu saumu, tangawizi, pilipili mbichi moja. Tui jepesi. Kuku akachambuliwa kwa vidole, akaingia. Mwisho tui zito, na hapo akaniamuru nikoroge upande mmoja bila kusimama, lisikatike. Nikakoroga! Naomba ikumbukwe kwamba nilikoroga. Ndimu, chumvi, basi. Robo saa haikufika. Mkate uliporuka nikaudaka hewani kwa mkono mmoja. Kazi ya ustadi.

Nikapeleka sahani mwenyewe. Bwana alikuwa na kiatu kimoja mguuni. Akakata kipande, akatia kinywani. Akaacha kutafuna. Nikasema basi, imekwisha. Kisha nikaona macho yake yamejaa maji. Akasema polepole, "Ndicho. Ndicho hasa. Mama yule alikuwa anatengeneza hivi hivi." Nazi, huko Leeds! Sikumbishia. Amekula vipande sita, na kile kiatu hakukivua mpaka mwisho.

Akaingia jikoni na sahani iliyorambwa, Madam nyuma yake. Nani kapika? Kinywa changu kikafunguka, kikasema, "Mimi." Nikamwangalia Khamisa. Angeweza kunimaliza kwa neno moja. Akasema, "Mimi ni mkewe. Nimemletea nazi tu."

Jambo lile lilinichoma kuliko siagi. Nikataka kusema kweli, naapa. Nilikuwa nakusanya maneno.

Hapo hapo mlango ukagongwa, akaingia Waweru, tope hadi kiunoni, anavuta mbuzi. Mbuzi mwenyewe, mwenye pembe! Kamwazima Kangemi. Akahema, "Mama, huyu ndiye nimepata. Ni wa kuchinja ama wa maziwa?" Khamisa akasema alitaka mbuzi ya kukunia nazi. Waweru akasema kwao mbuzi ni mbuzi. Bwana akacheka hadi akakohoa, mbuzi akala kitambaa cha meza.

Madam pekee hakucheka. Akanigeukia: haya mpishi wa meli, unaanza na nini? Nikasema unga. Akamgeukia Khamisa: na wewe mleta nazi? Khamisa akatazama sakafu, akasema kitunguu.

Jumapili, 11 Julai

Mambo yamekwisha pangwa, na yote kwa faida yangu. Khamisa ndiye mpishi, na amepewa nyumba ya wafanyakazi, vyumba viwili, maji ndani. Mimi nahudumu mezani, kwa koti jeupe lenye vifungo vya shaba. Madam anasema ni kwa sababu Khamisa alikataa kubaki bila mimi. Mimi naona ni koti. Si kila mtu linamkaa.

Khamisa amemwandikia mama yake. Begi limefunguliwa, nguo zimepangwa kabatini. Ameniambia jambo moja tu: kuanzia leo nikiulizwa kitu nisichokijua, niseme sijui. Neno fupi, akasema, halitaniumiza ulimi. Nimeapa mbele yake, mkono kifuani, juu ya vifungo. Asubuhi hii ametabasamu mara mbili. Nimehesabu.

Shemeji yake Waweru amepata kazi kwingine. Waweru mwenyewe sasa anakuja jikoni kila saa kuuliza kama kuna kupaka.

Mimi ni mtu mpya.

Jumatatu, 12 Julai

Dereva wa Bwana amekwenda kwao kuoa, hatarudi. Bwana aliuliza wakati wa chai kama kuna yeyote nyumbani anayejua kuendesha gari. Khamisa, mlangoni, alinikazia macho. Ni kweli nilifungua kinywa ili niseme sijui.

Kikasema nimeendesha lori la mizigo Mombasa hadi Kampala, miaka sita, bila mkwaruzo.

Kesho saa mbili asubuhi nampeleka ofisini. Jioni yote nimekaa ndani ya gari nikilichunguza, na si kitu cha kutisha. Chini kuna makanyagio matatu. Miguu ninayo miwili. Bila shaka moja ni la akiba.