Mhenzirani wa Ghorofa ya Tatu

Jumatatu, 3 Machi
Leo kiti cha marehemu baba kimenimeza. Nimekaa kusoma gazeti, kitako kikapitiliza hadi sakafuni, magoti yakabaki usawa wa masikio. Saa nzima! Dada aliporudi sokoni aliuliza kama ndiyo mazoezi niliyoandikiwa na daktari. Akamwita Fundi Viti wa ghorofa ya chini, akanichomoa kama kizibo.

Baba alikisuka kwa henzirani, zile fito laini za kusukia viti, kwa mkono wake. Nilikivusha mipaka miwili kichwani, miaka arobaini na moja iliyopita. Vingine vyote nilivyobeba vimekwisha. Dada amekata shauri: wakwe wa bintiye wanakuja Jumapili, kiti kiwe kinakalika, la sivyo kinakwenda jalalani. Fundi Viti akasema kwa kamba ya plastiki, mzee wangu, kesho asubuhi unakaa. Plastiki! Nikamwambia heri nikae sakafuni. Akajibu kwamba ndiko alikonitoa.

Jumanne, 4 Machi
Ufumbuzi! Bustani ya mimea wanautupa mhenzirani wao. Mtunza bustani amenieleza kuwa ni jamaa ya mnazi, ila hauwezi kusimama peke yake. Msituni hudandia miti mingine kwa mijeledi yenye miiba iliyopinda kama ndoana, mpaka ulione jua. Huu umemvua kofia mkurugenzi mara tatu. Mtunza akaniuliza nautakia nini. Wa kutengenezea kiti, nikasema. Akaniangalia sana. Akasema bua lake ni fupi kama mkono wangu, linataka miaka. Watu wa bustani hutia chumvi. Kwa maji ya uvuguvugu na jua la roshani, Ijumaa tutavuna.

Jumatano, 5 Machi
Kuupandisha ngazi: saa tatu nzima. Ghorofa ya kwanza umechukua sweta la jirani. Ya pili umetunasa mimi na Fundi Viti, kifua kwa kifua. Kila tulipovuta, ulikaza. Dakika arobaini, na muda wote akinisifia plastiki: haiozi, haina miiba, haimkumbatii mtu. Dada alituokoa kwa mkasi. Suruali ya fundi haikuokoka.

Alhamisi, 6 Machi
Umeanguka. Nimeuegemeza kwenye ufagio, ukavunja ufagio. Kwenye mwavuli, ukaufungua. Kwenye kamba ya nguo, ukavaa blauzi mbili za dada. Nahitaji mbao nyoofu, kavu, ngumu. Nne. Nimezunguka nyumba nzima. Ziko mahali pamoja tu.

Ijumaa, 7 Machi
Nimeing'oa miguu ya kiti. Kwa muda tu! Mhenzirani umesimama wima kama askari. Bua halijarefuka. Nimeongeza maji.

Jumamosi, 8 Machi
Umeyumba. Nimetoa mikono ya kiti, kisha mgongo, nikajenga uchanja. Dada ameuliza kupitia mlangoni kiti kimefikia wapi. Nikasema tuko kwenye hatua ya malighafi. Akasema vizuri, kaka, kumbe ukiamua unaweza. Nimelala vibaya.

Jumapili, 9 Machi
Wakwe wamefika. Baba mkwe alipopita mlango wa roshani, mhenzirani ukamnasa koti, akapokea chai yake akiwa wima. Kwa heshima akauliza kiti chenyewe kiko wapi. Nikamwambia amekiegemea.

Dada hakupiga kelele. Aliinama akashika mguu mmoja, penye alama ya pasi. Aliuunguza yeye, akiwa na miaka sita, baba hakumchapa. Akakaa sakafuni kando ya ndoo ya mhenzirani, mbele ya wakwe. Nikakaa naye. Akasema angekuwepo baba, leo angenichapa mimi. Halafu akacheka mpaka machozi, au kinyume chake.

Mlango ukagongwa. Fundi Viti, kwa suruali mpya. Alikuwa amezunguka maduka yote ya zamani tangu Alhamisi, amepata fungu la henzirani halisi, ameliloweka usiku kucha. Ni zawadi, mzee wangu, alisema, kiti kiko wapi tukisuke?

Baba mkwe peke yake ndiye aliyenyoosha kidole.

Wageni wameondoka wote. Nimetafakari kwa makini kosa langu, na nimelipata: miguu minne haikutosha. Meza ya chakula inayo mingine minne, minene zaidi. Na kesho dada anatoka mapema.